Nasomeshwa bure, lakini kila siku najiona mdaiwa

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20, niko mwaka wa kwanza, nasoma uhandisi wa umeme katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Makete, mkoani Njombe. Nimesoma shule ya msingi ya kijijini, kisha shule ya kata, na kidato cha tano na sita nikapangiwa shule ya bweni ya serikali, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Nilimaliza na Divisheni One ya pointi 4, na kwa matokeo hayo nikapata ufadhili kamili: ada, malazi, vitabu, laptopu, na hela ya kujikimu shilingi 10,000 kwa siku, inayoingia kwa mkupuo kila baada ya miezi miwili. Sharti ni kwamba GPA yangu ya mwaka, yaani wastani wa masomo yote, isiwe chini ya 3.5. Ikishuka, ufadhili unasitishwa.

Siku ya kuaga nyumbani mchungaji aliniita mbele ya kanisa, kapu likapitishwa. Zilipatikana shilingi 187,500, na jogoo wawili waliopigwa mnada palepale. Bibi mmoja jirani yetu, mjane, alinipa blanketi jipya, likiwa bado kwenye nailoni yake. Baba mdogo akasimama akasema mimi ndiye taa ya ukoo. Wamama wakapiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha. Sasa nikiikumbuka siku ile tumbo linanikata.

Chuoni mambo yamenigeuka. Kazi ya kwanza ya programu za kompyuta niliiandika kwa mkono, kurasa nne, mwandiko safi, nikaipeleka ofisini kwa mwalimu. Akaniambia ilitakiwa ipandishwe kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku wa jana yake, na mfumo umeshafungwa. Nikapata sifuri. Laptopu nimeigusa kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba, wakati wenzangu wanaandika bila kutazama vidole. Kwenye semina nilisimama kuwasilisha, nikalitamka neno "determine" kama nilivyozoea kulisoma, mwisho wake "maini". Mtu mmoja nyuma akalirudia kwa sauti, darasa likaangua kicheko. Tangu siku ile sijafungua mdomo, na semina mbili sikuingia kabisa.

Wiki iliyopita test ya kwanza ya hisabati ilirudi. Nimepata 5.5 kwa 15. Hisabati, mama! Somo ambalo sekondari mimi ndiye nilikuwa nawaelekeza wenzangu usiku. Siku ya test mikono ilikuwa inatetemeka, hesabu naiona naijua lakini haiji, labda kwa vile sikuwa nimekula tangu jana yake mchana. Msichana mmoja wa chumbani kwetu alipata 13, na usiku nilimsikia anaongea na baba yake kwenye simu, wanacheka. Nikajifunika shuka.

Kuhusu hela: bumu la kwanza, yaani hiyo hela ya kujikimu, lilipoingia, shilingi 600,000, sikuwa nimewahi kushika hela kama hiyo maishani. Mama hakuomba kitu, aliniambia tu kwamba dawa za presha za bibi zimeisha. Nikatuma 100,000. Kesho yake baba mdogo akapiga, anataka mbolea ya viazi. Nikatuma 150,000. Kisha sare, viatu na mchango wa chakula shuleni kwa mdogo wangu, 100,000. Sasa nakula mlo mmoja, saa kumi jioni, wali na maharage kwa mama ntilie nje ya geti, na usiku nakunywa maji mengi. Nikisema sina, watasema nimeshakuwa mtu wa mjini. Nina mjomba Kariakoo mwenye duka la vyombo, lakini tangu nifike sijaenda kwake. Naogopa ataniuliza masomo yanaendaje.

Wenzangu hawajui kama nimefadhiliwa. Nawaambia nina mkopo wa Bodi ya Mikopo kama wao, maana nikisema nimepata ufadhili kwa ufaulu, watajiuliza mbona nina 5.5.

Baada ya mitihani ya semista hii natakiwa kupeleka matokeo kwa mfadhili. Nafikiria kuahirisha mwaka kabla hawajajua, nirudi nyumbani nikajipange. Test ya pili ni wiki tatu zijazo. Nifanye nini? Na nikiahirisha, nyumbani niwaambie nini?

Taa ya Ukoo, Dar es Salaam


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye sentensi moja ambayo wewe umeipitia haraka kama jambo dogo: siku ya test hukuwa umekula tangu jana yake mchana. Umeniandikia habari za Kiingereza, laptopu, mfadhili na taa ya ukoo. Mimi naanza na tumbo.

Tupige hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Shilingi 600,000 kwa siku 60 ni 10,000 kwa siku. Ni kiwango kilekile wanachopewa wanafunzi wa mkopo wa Bodi tangu mwaka wa masomo 2022/23, kilipopandishwa kutoka 8,500, na kimepangwa kumtunza mtu mmoja. Ulipotuma 350,000 ukabaki na 250,000, yaani shilingi 4,166 kwa siku. Hapo hujanunua bando, sabuni, pedi, wala hujatoa nakala ya madesa ya masomo. Kwa hiyo chakula ndicho kilichopunguzwa, na kilichofuata ni mikono kutetemeka juu ya karatasi ya hisabati. Sisemi 5.5 yote ni njaa. Ila huwezi kujua uwezo wako chuoni mpaka umefanya mtihani mmoja ukiwa umeshiba.

Najua kinachokusukuma kutuma. Si baba mdogo peke yake. Ni lile kapu lililopita kanisani, na kila unapoweka tonge mdomoni unaona ni la mtu mwingine. Naomba nikurudishe kwenye maneno ambayo bila shaka umeyasikia. Mwaka 1964, chuo kikuu chetu cha kwanza kikiwa na miaka mitatu tu tangu kifunguliwe, Mwalimu Nyerere alizungumza bungeni kuhusu mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Akawagusia wachache waliobahatika kusoma. Alisema ni kama mtu katika kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichopo, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akikila asilete msaada, huyo ni msaliti.

Mfano huo husimuliwa kwenye mahafali, na karibu kila anayeusimulia hukazia neno la mwisho. Mimi niliusikia hivyohivyo nikiwa na umri wako, nikalala nao vibaya miaka mingi. Ilinichukua muda kuusikia mwanzo wake. Yule mtu alipewa chakula ale. Watu wenye njaa waliketi, wakajua safari ni ndefu, wakakubaliana kwa akili zao timamu kwamba mmoja wao ashibe. Sasa tuseme huyo mtu amefika mto wa kwanza, roho inamuuma, anaanza kurudisha chakula nyuma gunzi kwa gunzi. Moyo wake ni mzuri sana. Lakini ataanguka kabla ya kufika, na kijiji kitakuwa kimepoteza chakula na kimempoteza yeye. Mwalimu mwenyewe alisoma Edinburgh kwa ufadhili, kuanzia 1949 hadi 1952. Alijua anachokisema, na hakusema mtu ashinde njaa njiani.

Halafu kuna hilo blanketi. Umelitaja kwa mstari mmoja, lakini mimi limenikaa. Bibi wa Makete anajua baridi. Anaijua ya Juni na Julai, ile inayouma mifupa. Hajui Dar ina joto kiasi gani, kwa hiyo alipojiuliza mtoto huyu atateswa na nini huko aendako, jibu lake lilikuwa baridi, akatoa hela yake akanunua kinga. Hakukukopesha, mwanangu. Alitaka usiteseke. Mtu aliyenunua blanketi ili usipigwe na baridi, unadhani angefurahi kusikia unalala na maji tumboni? Umeligeuza lile kapu kuwa daftari la madeni, na sidhani kama kuna mtu pale kanisani aliyeandika daftari hilo.

Nikuambie yangu. Nilisomeshwa na mfadhili miaka ya 1990, nikitokea kijijini, viatu jozi moja. Enzi zetu matokeo ya test yalibandikwa ukutani kwa majina, kila mtu anasoma ya mwenzake. Test yangu ya kwanza sikuthubutu kwenda mchana. Nilisubiri saa tano usiku, nikaenda na tochi, nikateremsha kidole kwenye karatasi kuanzia juu, nikazidi kuteremka, nikajikuta wa tatu kutoka chini. Nilizima tochi nikakaa pale kwenye ngazi gizani. Semista nzima nilimwandikia mfadhili barua zenye habari za hali ya hewa na afya, masomo sikuyagusa. Nilipokuja kusema ukweli, kwa kuwa matokeo ya mwisho hayafichiki, alinijibu kwa mistari miwili. Alisema angependa kuwa amejua mapema, na akaniuliza: chuoni umemwona nani akusaidie? Sikuwa nimemwona mtu yeyote. Hilo ndilo kosa langu ninalolijutia mpaka leo, zaidi ya zile alama.

Tuje kwenye alama zako. Vyuo vyetu vingi hugawa somo mara mbili: 40 za kazi na test za semista nzima na 60 za mtihani wa mwisho. Kama test yako inabeba 15 kati ya hizo 40, basi umeshapoteza 9.5, na mbele yako bado kuna 85 ambazo hakuna aliyezigusa. Ukipata asilimia 65 ya hizo 85, ni 55 na robo. Jumlisha 5.5, unapata 60.75. Kwenye vyuo vingi hapa kwetu 60 hadi 69 ni B+, na B+ ni pointi 4. Sharti lako ni 3.5. Tena GPA ni wastani wa masomo yote, na ya mwaka mzima, si ya hisabati ya Desemba. Hesabu hii ifanye mwenyewe kwa kila somo, kwa mgawanyo halisi wa chuo chako, uiandike kwenye karatasi uibandike juu ya kitanda. Unachokiogopa sasa hivi hakina tarakimu, ndiyo maana kinakuwa kikubwa usiku. Ile sifuri ya programu nayo itaingia humo na itaonekana ni ndogo. Mwendee huyo mwalimu, mweleze kwamba hukujua mfumo unavyofanya kazi. Anaweza kukataa kubadili alama, na ana haki hiyo. Lakini atakufahamu kwa uso, na kazi inayofuata utaipandisha siku mbili kabla.

Laptopu sina wasiwasi nayo. Kuandika kwa vidole vyote ni mazoezi ya nusu saa kwa siku, na mpaka Pasaka hutakumbuka kama lilikuwa tatizo.

Kiingereza ni kirefu zaidi. Wewe umesoma miaka saba kwa Kiswahili, ukavushwa siku moja kwenda kidato cha kwanza ambako vitabu na mitihani ni Kiingereza. Kama shule yako ya kata ilikuwa kama nyingi ninazozijua, mwalimu aliandika ubaoni kwa Kiingereza akaeleza kwa Kiswahili. Umejifunza kukisoma na kukiandika bila kukisikia kinasemwa. Lile neno ulikutana nalo kitabuni mara mia, hukuwahi kulisikia kwa mtu, ukalisoma kama herufi zilivyokaa. Hilo ni pengo la sikio, na sikio linazibika. Chukua kitabu kimoja cha somo lako, soma ukurasa mmoja kwa sauti kila asubuhi, na neno usilolisikia kabla lisikilize kwenye kamusi ya simu ulirudie. Video za masomo yako mtandaoni zisikilize ukitembea kwenda darasani, hata kama hutazami picha. Na semina ijayo ingia. Mahudhurio sehemu nyingi yanahesabiwa, kwa hiyo ile aibu imeshakugharimu zaidi ya kicheko chenyewe. Siku ya kwanza uliza swali moja tu, fupi, uliloliandika nyumbani. Swali la pili litakuwa jepesi. Aliyekucheka namwachia dhamiri yake. Wengi waliocheka pale walishukuru moyoni kwamba si wao waliokuwa mbele.

Jambo jingine ambalo watu wa mwaka wa kwanza hawaambiwi: ofisini kwa mwalimu unaweza kuuliza kwa Kiswahili. Mhadhara ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, lakini kiti cha mgeni mbele ya meza yake hakina lugha. Wengi wao wamepita shule zilezile ulizopita. Nenda na karatasi yako ya 5.5, usiifiche, mwombe akuonyeshe palipoharibika. Huwa wanaona haraka kama ni hesabu usiyoielewa au ni swali ulilolisoma vibaya. Dawa zake ni tofauti.

Sasa huyo msichana wa 13. Umemweka upande wa pili wa ukuta kwa sababu alicheka na baba yake. Mwanangu, mwambie leo jioni: "Naomba tukokotoe pamoja lile swali la tatu." Mtu aliyepata 13 ana furaha ya kueleza, na wewe uliyekuwa ukiwaelekeza wenzako sekondari unajua kwamba anayeeleza ndiye anayeelewa zaidi, kwa hiyo hata yeye anapata. Kupiga msuli peke yako usiku kucha, ukiwa na njaa na siri, ndiyo njia ndefu kuliko zote. Na hiyo siri ya ufadhili iache itoke yenyewe. Huna haja ya kutangaza, ila acha kudanganya, maana kila uongo mdogo unakula nguvu ya kuulinda. Ulipata ufadhili kwa mtihani wa kidato cha sita uliofanyika kwa haki. Hiyo 5.5 haiwezi kurudi nyuma kuifuta Divisheni One yako ya pointi 4.

Jumapili hii nenda Kariakoo. Mjomba wako ni Mkinga, mtu wa huko kwenu Makete, mwenye duka, na Wakinga walivyoshika biashara pale unajua kuliko mimi. Muulize miaka yake ya kwanza mjini ilikuwaje kabla ya duka, halafu unyamaze usikilize. Nadhani utakuta ulikuwa unamwogopa mtu anayejua vizuri kulala na maji. Akikuuliza masomo, mwambie: "Nimeanza vibaya, mjomba, lakini nimeona pa kurekebisha." Kisha kula kilichopikwa.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, na sitajifanya kwamba neno "hapana" ni jepesi. Dawa za presha za bibi si jambo la kukataa, maana dawa hizo hazitakiwi kukatizwa. Kwa hiyo tenga kiasi kimoja kisichobadilika. Ukituma 30,000 kila bumu linapoingia, unabaki na 570,000, ambayo ni 9,500 kwa siku, na hapo unaishi. Zaidi ya hapo usitume, na uwaambie kabla hawajaomba. Anza na mama yako, maana naona kwenye barua yako kwamba yeye hakukuomba hela, alikuambia tu habari za nyumbani, wewe ukasikia deni. Mpigie siku ambayo hujakasirika wala hujalia. Mwambie hivi: "Mama, hela ninayopewa imehesabiwa ya kula kila siku. Nilituma nyingi, nikawa nalala njaa, na mtihani ukaniangusha. Kuanzia sasa nitatuma ya dawa za bibi tu mpaka nimalize mwaka." Mtajie namba zote, 600,000 na siku 60, ili aione kama unavyoiona. Halafu mwombe yeye ndiye azungumze na baba mdogo. Hilo la mbolea ni la watu wazima wawili wenye shamba, na mama ana ulimi wa kulisema kwa heshima ambao wewe huna bado. Baba mdogo anaweza kununa. Aliyesema wewe ni taa ya ukoo ndiye anayetakiwa kuelewa zaidi kwamba taa inahitaji mafuta. Mdogo wako shuleni nakuelewa pia, na inauma. Lakini kama hakuwa na viatu, ilikuwa hivyo hata kabla wewe hujapata ufadhili, na kilichokuja kwako hakikuja kuziba kila tundu la nyumba ndani ya miezi miwili.

Mfadhili: mwandikie sasa, usisubiri matokeo. Waraka mfupi wenye mambo matatu, kwamba test ya kwanza ilikwenda vibaya na ni alama ngapi, sababu unazoziona, na ulichokwisha kufanya. Ndiyo maana nataka umwone mwalimu wa hisabati kwanza, ili hiyo sehemu ya mwisho isiwe ahadi tupu. Wanaosomesha watu wamezoea kuona semista ya kwanza ikiyumba. Kinachowachanganya ni kimya cha miezi minne kinachofuatiwa na karatasi mbaya. Soma pia mkataba wako wote, hasa sehemu inayosema nini hutokea GPA ikikosekana: wengine hutoa onyo kwanza, wengine hutoa semista ya kujirekebisha. Usiishi kwa tetesi za bwenini wakati karatasi unayo.

Kuahirisha mwaka nakataa, angalau kwa sababu ulizonipa. Kuahirisha kupo kwa ajili ya ugonjwa, msiba mzito, uzazi, mambo ambayo kweli yanamzuia mtu kusoma, na huombwa kwa taratibu na ushahidi. Ukiahirisha kwa kujificha unaweza kuvunja mkataba ambao alama zako bado hazijauvunja. Na utarudi mwakani kwenye laptopu ileile, semina ileile, simu zilezile za kutoka nyumbani. Nakuomba jambo moja hapa kwa uzito: kama hiyo hali ya mikono kutetemeka na tumbo kukukata inaendelea hata ukishaanza kula, au ukianza kuona heri usiwepo, usinisubiri mimi. Nenda siku hiyohiyo ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na zahanati ya chuo. Hilo likiwepo, mjadala wa kuahirisha unakuwa mwingine kabisa, na utaufanya ukiwa na mtu mzima pembeni yako.

Umeniuliza utawaambia nini nyumbani. Naona umeshapata cha kumwambia mama. Bibi wa blanketi naye usimsahau. Mwambie mama ampelekee salamu kwamba blanketi lipo, limetunzwa, na ukija likizo mwezi wa saba utakuja nalo ulilalie hukohuko.

Sasa ni saa ngapi huko? Kama ukishuka mama ntilie bado hajafunga, mwambie leo akuongezee mboga za majani na kipande cha samaki, ule mpaka mwisho. Test ya pili ikirudi, niandikie alama, yoyote itakayokuwa.